Chama chetu kinakwenda pangoni, na mume wangu hajui ninachokifuata huko

Asalaam aleikum Mamkubwa,

Jina langu niachie mwenyewe, na mtaa usiutaje. Sema tu niko Mombasa, ng'ambo ya daraja la Nyali.

Nina miaka 36, nashona madera nyumbani. Mume wangu ni dereva wa trela, hupakia bandarini akapeleka Malaba. Akiondoka ni siku nne, tano, na foleni ya mpakani ikimshika, hata wiki. Tuna binti wa miaka 11. Tulikuwa na mvulana pia. Alishikwa na homa Jumatatu, Alhamisi usiku akatutoka, akiwa na miaka miwili na miezi kumi. Juni iliyopita imetimia miaka minne. Hospitalini walifanya walichoweza, sina wa kumlaumu, na ndiyo maana hata hasira sina pa kuitua.

Alizikwa Ijumaa asubuhi. Unajua mila yetu: wanaume walibeba jeneza wakaenda, sisi wanawake tukabaki ndani na kisomo. Mume wangu ndiye aliyeshuka kaburini. Alirudi kanzu ina udongo magotini, akaivua, akaitia kwenye beseni, mamake akaifua. Mimi sikuuliza, yeye hakusema. Tangu siku ile jina la mtoto halitajwi nyumbani kwetu ila kwenye dua.

Sasa shida yenyewe. Nina chama cha wanawake tisa. Kila wiki mtu hutoa shilingi 500, zamu ikikufikia unachukua, na mwisho wa mwaka tunatoka kutembea. Mwaka juzi tulikwenda Haller Park, mwaka jana tukavuka Likoni hadi Diani. Mwaka huu mwenzetu mmoja Mchonyi akasema twendeni kwetu, kuna pango zuri kwenye vilima vya Dzitsoni, Kaunti ya Kilifi, linaitwa Panga ya Saidi. Tupande matatu mpaka Mavueni, tukate kuelekea Kaloleni, mwisho tumalizie kwa miguu. Wote wakapenda. Kila mmoja ametoa 1,200 za nauli na chakula, na mweka hazina ni mimi. Kwenye kundi la simu mazungumzo sasa ni pilau, spika, na madera ya sare ya kupigia picha. Hayo madera nashona mimi.

Binti yangu alinisikia nikilitaja pango, akalitafuta kwenye simu. Jioni akanifuata jikoni nakaanga viazi, akaanza kunisomea. Kwamba pale wanaakiolojia walifukua kaburi la mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita, na hakuna kaburi la binadamu kama sisi la kale kuliko hilo lililopata kuonekana Afrika. Kwamba alilazwa kwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kifuani, ameviringishwa kitu kama ngozi au majani, na kichwa kimeegemezwa kitu kilichooza zamani, pengine mto. Wamempa jina Mtoto. Ubavu wa kulia, Mamkubwa! Kisha binti akaniangalia: "Mama, na ndugu yangu walimwekea mto?"

Viazi viliungua. Nilimwambia akafanye kazi ya shule.

Tangu jioni ile usingizi wangu ni wa kuiba. Pilau siitaki, picha siitaki. Nataka kufika pale nisimame tu. Hakuna niliyemwambia.

Mume wangu anajua ni matembezi ya chama. Alisema mapangoni ni kwa mizimu, watu hutambika huko, mwanamke wa Kiislamu anakwenda kutafuta nini? Mavyaa akaongeza kwamba nitarudi na pepo halafu wao wahangaike kunipunga. Hakunikataza kwa mdomo. Alisema, "Mimi simo." Siku tuliyopanga atakuwa Malaba. Wenzangu wananiambia nenda, atajuaje? Binti naye anataka tufuatane, na ameniahidi hatamwambia babake.

Niende kimya kimya? Nimwambie sababu yenyewe na nimtoneshe kidonda? Nijitoe, niwarudishie watu pesa zao? Au ni dhambi kumtafuta mwanangu katika kaburi la mtu mwingine? Kuna siku nahisi nimerukwa na akili.

Asiyefika Maziarani, Mombasa

* * *

Waaleikum salaam mwanangu,

Mola amjaalie mtoto wenu awe akiba yenu ya Akhera. Na la akili tulimalize hapa hapa: hujarukwa na akili. Mama aliyekaa miaka minne bila kuambiwa mwanawe alilazwaje, kisha akasomewa jikoni jinsi mtoto wa mtu mwingine alivyolazwa, angekuwa na kasoro kama viazi visingeungua.

Umeniuliza habari ya matembezi, nami naona safari mbili zimefungwa kamba moja. Ya kwanza ni ya wanawake tisa, ina sare na pilau, na pesa zake ziko mkononi mwako. Ya pili ni yako peke yako na haina hata jina. Nahisi sehemu ya uzito unaousikia ni huko kuzibeba zote mbili kwa mkono mmoja, huku ukicheka kwenye kundi la simu.

Niruhusu nianze na pango, kwa sababu nahofia unaliendea na picha ambayo hutaikuta. Watafiti wa Makavazi ya Kitaifa na wenzao kutoka Ujerumani walianza kuchimba Panga ya Saidi mwaka 2010. Vipande vya kwanza vya mifupa vilionekana 2013, na shimo lenyewe la kaburi likafunuliwa 2017, kama mita tatu chini ya sakafu ya leo. Mifupa ilikuwa laini mno, ukiigusa inakuwa vumbi. Ikabidi waizungushie plasta pamoja na udongo wake, waibebe bonge zima hadi Nairobi, na baadaye Uhispania, mji wa Burgos, ambako ilifunuliwa polepole ndani ya maabara. Dunia ikatangaziwa Mei 2021. Kwa hiyo Mtoto hayupo pangoni, mwanangu. Alikwishaondolewa. Utakachokuta ni chumba kikubwa cha mawe ya chokaa, paa limebomoka sehemu na mwanga unaingia kutoka juu, miti imezunguka, na mahali palipochimbwa. Ni pazuri, ndiyo. Lakini huenda ukasimama pale usisikie chochote, ukarudi na kiu ile ile. Au ukasikia mengi kuliko ulivyotarajia, mbele ya wanawake wanane waliokuja kupiga picha. Yote mawili yanawezekana, na ni bora uyafikirie ukiwa nyumbani.

Na huo ubavu wa kulia. Nilipofika hapo hata mimi nilisimama. Ila waliomzika hawakuwa na Kibla chetu, na hakuna aliyebaki wa kutuambia walisema nini, nani alilia, wala kama mamake alikuwepo. Tunachokijua ni kwamba kuna watu walichimba shimo makusudi, wakamlaza mtoto kwa uangalifu, wakamfunika kwa udongo wa pale pale pangoni. Hilo si dogo. Lakini lile kaburi usilitwishe maswali ya mwanao, maana halina majibu yake.

Mwenye majibu yake yupo. Anakula kwako, analala kwako anapokuwa si njiani.

Soma tena barua yako. Umeandika mistari michache tu juu ya siku ile, na ndani yake umeona udongo kwenye magoti ya kanzu. Yeye ndiye aliyempokea mtoto ndani ya kaburi. Swali la binti yako, walimwekea mto au hawakumwekea, mtu mmoja nyumbani mwenu analijua jibu lake kwa mikono yake. Miaka minne hukumuuliza ukidhani unamhifadhi asiumie. Nashangaa, nashangaa tu, kama naye hajanyamaza miaka minne akidhani anakuhifadhi wewe.

Nina kisa changu kidogo. Mamangu alipofariki nilikuwa nimejifungua, sikutoka chumbani. Kaka yangu ndiye aliyeshuka. Hatukulizungumza zaidi ya miaka ishirini, mpaka siku moja tunakunywa kahawa barazani, nikamuuliza hivi hivi, kama anayeuliza bei ya samaki. Akaniambia yote: mwanandani ulivyokuwa mkavu ingawa mvua ilinyesha usiku kucha, nani alimshika miguu, jinsi yeye mwenyewe alivyolifinyanga dongo kwa kiganja ili shavu la mama litulie. Kahawa yangu ilipoa. Yake pia. Sisemi kwamba na kwenu itakuwa hivyo. Kaka na mume si mmoja, na mtu aliyemzika mamake si sawa na aliyemzika mtoto.

Umeandika pia kwamba mume wako hataki uende kwa sababu ya mizimu. Pengine ndivyo, na ni haki yake kuwa na wasiwasi wa dini yake. Lakini "mimi simo" ni neno la ajabu kidogo. Anayekataza husema usiende. Mtu anayesema simo mara nyingine anaogopa asije akaulizwa. Sijui ni lipi kwake. Wewe umelala naye miaka yote hiyo, utajua kuliko mimi.

Sasa tuziangalie njia zako, na mashimo yake.

Kwenda kimya kimya inawezekana, na wenzako wana haki kwamba huenda asijue. Ila mko tisa, simu tisa, sare moja. Picha itapandishwa kabla hamjafika Mtwapa. Na hata isipopandishwa, boda likiteleza kwenye kokoto huko vilimani, simu ya kwanza itapigwa Malaba. Hayo bado ni madogo. Linalonikaa rohoni ni binti. Amekuahidi hatamwambia babake, na wewe unaiona ahadi ile kama msaada. Mtoto wa miaka 11 ambaye tayari anaishi katika nyumba isiyotaja jina la nduguye, unampa siri ya pili aifiche. Ukiamua kwenda bila kusema, angalau lifikirie hilo: aje naye, au siri hiyo uibebe mwenyewe?

Kumwambia nako kuna hatari zake, sitakuficha. Anaweza kufunga mlango, akasema usinifukulie mambo. Anaweza kulia, nawe hujawahi kumuona akilia, ukashindwa ufanye nini. Anaweza kulipeleka kwa mamake na ukasikia habari ya pepo mwaka mzima. Ukichagua njia hii, wakati wake si usiku wa kufungasha pilau, wala si kwa simu yeye yuko kwenye foleni. Mngoje arudi, aoge, ale, alale usingizi wake wa safari. Na pengine usianze na pango hata kidogo. Anza na swali la binti, kwa maneno yake yale yale. Yaseme, kisha nyamaza hata ikiwa kimya hicho kitakuwa kirefu. Pango linaweza kungoja. Mtoto yule amengoja miaka 78,000. Huenda ukishaambiwa jinsi mwanao alivyolazwa, hamu ya pangoni ikapungua. Huenda ikazidi. Huenda hata yeye akasema twende wote, ingawa kwa hilo usijiwekee matumaini mapema.

Kuna pia maziara yenyewe. Jina ulilojitilia mwisho wa barua halitaji pango. Wanazuoni wamehitilafiana kuhusu mwanamke kuzuru makaburi: wapo wanaolichukia jambo hilo, na wapo wanaoliruhusu kwa adabu yake, wakikumbusha kwamba Mtume alikataza ziara mwanzo kisha akairuhusu. Mimi si shekhe. Mtafute mmoja unayemwamini, au ustadhati anayeelewa uchungu wa uzazi, umuulize hili, na umuulize pia lile la dhambi. Mueleze nia yako ilivyo. Kwenda kutazama na kuzingatia, na kwenda kuomba kitu kwa waliokufa, hayo ni mambo mawili, naye atakupambanulia vizuri kuliko gazeti. Jibu lake likiwa mkononi, hata mazungumzo na mume yatakuwa na pa kushikia.

Kujitoa? Unaweza, lakini usijifanye ni kwa ajili ya pesa. Mweka hazina hurudisha 1,200 akaandika kwenye daftari, basi. Swali ni kama ukijitoa utatulia, au utakaa nyumbani siku hiyo unakodolea picha zao kutafuta kile chumba cha mawe.

Na wenzako, una hakika hawataelewa? Wanawake tisa, Mombasa hii, na wewe peke yako ndiye uliyezika? Sikutumi ukawatangazie kwenye kundi. Lakini huyo Mchonyi ningemtafuta pembeni. Alisema twendeni kwetu, na kwao pango lile lina heshima yake. Watu wamezika na kuomba pale vizazi na vizazi. Mumeo akisema mahali pale pana mambo yake, hakukosea. Hebu fikiria kundi la wageni limeingia maziarani mwenu na spika. Ukienda pale Kaya Kinondo, msitu mtakatifu upande wa Diani, hufungwa shuka nyeusi kabla ya kukanyaga msitu, na hakuna anayebishana. Kwa hiyo, uende usiende, spika iondoke kwenye mpango, na kama mweka hazina una sauti. Mwenzenu awatangulie kwa wazee wa kijiji kuomba ruhusa, na mwulizie pia kwa watu wa Makavazi pale Ngomeni, Fort Jesus, maana pale ni mahali pa utafiti. Pilau inaweza kuliwa jioni Kilifi, ufuoni, na huko wacheze mpaka wachoke.

Ukimweleza yeye peke yake, anaweza hata kukupeleka siku nyingine, nyinyi wawili, bila sare. Hatari yake ni kwamba siri ikishakuwa ya watu wawili huwa na miguu. Mpime kwanza.

La mwisho ni la njia, maana uliniuliza mengi ukasahau hili. Mwisho wa mwaka vuli huweza kuwa haijaisha, na jiwe la chokaa likilowa huteleza kama sahani yenye mafuta. Mkikuta ni kaskazi kavu, jua litawachoma vilevile. Tokeni baada ya alfajiri, saa tatu muwe mmefika, na kila mtu na maji yake. Tochi ya mkononi, si ya simu. Mapango ya ukanda huo yana popo. Msiwaguse, msiingie kwenye vyumba vya ndani, na fungeni barakoa, kwa kuwa vumbi la kinyesi chao linaweza kubeba kuvu linalodhuru mapafu. Na dera si nguo ya kupandia mawe, hata kama umelishona wewe. Vaeni suruali ndani mlikunje juu.

Usingizi wako wa kuiba ukiendelea hata baada ya haya yote, nenda ukazungumze na mshauri hospitalini, ana kwa ana. Barua ina mwisho wake, na mimi siwezi kukuona uso.

Binti akienda, mnunulie viatu vya kufunga kamba. Na lile swali lake, hata kabla hujapata jibu, mwambie ulilisikia.

Mamkubwa